Kurudisha Fadhila Mwisho wa Mwaka: Tuliyoyaona Upare na Yanayotuhusu Sisi

Ndugu Wanachama,



Karafuu za vuli zinaelekea ukingoni, majamvi yameanza kukunjwa, na kila mmoja wetu anafunga hesabu yake. Ilivyo ada, wakati kama huu halmashauri huletewa swali lile lile: Mwaka huu Chama kitafanya jambo gani la kheri kwa watu wetu?

Mwaka jana tulilijibu swali hili upesi upesi. Tulinunua mchele na mafuta ya kupikia, tukagawa asubuhi moja mbele ya skuli, tukapigwa picha, tukaenda zetu. Hatusemi kwamba ni vibaya kumlisha mtu; mwenye njaa hulishwa. Lakini baada ya wiki moja hapana aliyeweza kutuonyesha kitu kilichobaki katika sadaka ile, isipokuwa magunia matupu. Basi mwaka huu, kabla hatujatoa hata senti moja, twaomba tuwaeleze jambo tuliloliona kwa macho yetu katika milima ya Upare, kwani twaona lina mafunzo kwetu.

SAFARI YA SAME

Mwishoni mwa Desemba iliyopita, wajumbe wawili wa halmashauri tulifuatana na rafiki zetu wa Kipare wafanyao kazi Dar es Salaam, waliokuwa wakirudi kwao kwa mapumziko. Gari hupita Korogwe na Mombo, kisha Hedaru na Makanya, na milima ya Upare iko upande wa kulia njia nzima mpaka Same. Mji wa Same uko chini, mahali pakavu penye miiba na vumbi. Lakini ukipanda mlimani waona dunia nyingine: migomba, kahawa, maharage, na upande wa Mamba Miamba tangawizi nyingi. Mlima mrefu kupita yote huko ni Shengena, wenye urefu wa mita 2,462, na msitu wake ndio mama wa mito mingi ya nchi ile.

Wapare wengi wametawanyika mijini kwa kazi na biashara, na mwisho wa mwaka hurudi kwao makundi kwa makundi. Rafiki zetu walikuwa wanane, waliosoma pamoja tangu utoto, na wana desturi kila Desemba kufanya jambo moja kijijini kwao kabla ya kurudi mjini. Mwaka ule walikuwa wamekwisha changa fedha za kununua madaftari ya watoto na mchele wa karamu.

Tulipofika, kijana mmoja katika wao akaenda kwa mzee wa ukoo kumwarifu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na nini mwaka huu?"

Akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema: "Mchele huo tutaula siku moja, nyinyi na sisi. Lakini tope lililojaa katika ndiva tutalila mwaka mzima. Mbona hamkuuliza kwanza?"

Karamu ikageuzwa. Sehemu kubwa ya fedha za mchele ikanunua saruji na makoleo, na jioni ile mbiu ikapigwa kijijini kwamba siku ya Jumanne kuna msaragambo.

NDIVA NI NINI?

Ndiva ni bwawa dogo la kukingia maji, lililojengwa mlimani kwa udongo na mawe. Maji ya kijito hayatoshi kumwagilia mashamba yakiachwa yapite hivi hivi, kwa kuwa mengi hupotea njiani kabla ya kufika shambani. Basi usiku huyafungia ndani ya ndiva, na asubuhi hufungua mlango, yakatoka kwa nguvu katika mifereji mpaka mashambani, kwa zamu. Ndivyo wenyeji wa milima ile walivyolima tangu zama za mababu zao. Ndiva moja mashuhuri ni ile ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, juu ya bonde la Makanya. Ilijengwa katika miaka ya 1930, na mwaka 2002 ikapanuliwa.

Sasa, kila mvua inyeshapo huleta tope, na tope hujaa chini ya ndiva. Bwawa lililokuwa likitosha mashamba ishirini, likijaa tope halitoshi hata kumi. Ndipo ugomvi wa zamu huanza, na majirani huamkiana kwa shingo upande. Kwa hiyo kusafisha ndiva si usafi tu. Ni kulinda amani ya kijiji.

MSARAGAMBO NI NINI?

Neno hili ni la Kipare, na siku hizi latumika hata nje ya Upare. Maana yake ni kazi ya watu wote kwa manufaa ya wote, yenye siku iliyotangazwa. Sisi pwani twasema: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wao ikilia hutoka na jembe.

Siku yenyewe kuchaguliwa kulitupendeza mno. Wasabato walifika Upare tangu mwaka 1903, wakaanzia Giti, na wako wengi huko. Jumamosi hawafanyi kazi. Walutheri na wengineo husali Jumapili. Waislamu nao wana Ijumaa yao. Basi ikachaguliwa Jumanne, asiwepo wa kusema dini yangu imenizuia.

Alfajiri ndiva ikafunguliwa, maji yakaenda kwa wenye zamu. Yalipokwisha, vijana wakaingia ndani na makoleo, tope mpaka magotini. Wanawake wakasomba mawe na mchanga kutoka kijitoni. Wazee wakakaa ukingoni wakionyesha pale ukuta ulipokuwa ukivuja. Rafiki zetu, wenye mashati ya mjini, walikuwa ndani ya tope pamoja na wenzao waliosoma nao darasa la kwanza. Sisi wageni tulipewa kazi ya kupokea ndoo, na mikono yetu iliota malengelenge. Adhuhuri tukala makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, chakula ambacho Wapare wanajulikana kwacho nchi nzima. Siku ya pili jioni kazi ikawa imekwisha.

Kanuni zake ni hizi, kama tulivyoelezwa pale kijijini:

1. Wenyeji ndio wanaotaja kazi. Mwenye kuleta msaada huuliza kwanza, hata kama ni mtoto wa pale pale.

2. Huchaguliwa kazi moja inayoweza kumalizika. Kazi iliyoachwa nusu huvunja moyo kuliko kazi isiyoanzwa.

3. Mwenye fedha hutoa fedha, na mwenye nguvu hutoa nguvu, lakini fedha haimwondolei mtu jembe. Aliyetoa saruji naye huingia topeni.

4. Asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini, na zamu yake ya maji yaweza kusimamishwa. Mgonjwa, mkongwe na mwenye msiba hawadaiwi.

5. Hesabu husomwa hadharani kabla watu hawajatawanyika: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini.

6. Hutajwa mtu wa kuitazama kazi ile mpaka mwaka ujao.

Asidhani mtu kwamba umoja huu ni wa kusafisha mitaro tu. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilipoleta Upare kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, iliyoitwa mbiru, watu kwa maelfu walishuka milimani kwa miguu mwaka 1945 mpaka Same kuikataa, na ubishi ule ukaendelea mpaka kodi hiyo ikaondolewa. Mwanachuoni wa historia, Isaria Kimambo, ameandika kitabu juu ya habari hiyo. Watu waliozoea kuitana kwa ajili ya mtaro ni wepesi kuitana panapotokea jambo kubwa. Na milima ile ina makubwa yake: Novemba 2009 ardhi iliporomoka huko Goha, Mamba Miamba, ikaua watu zaidi ya 20. Mahali kama hapo jirani si mtu wa kusalimiana naye tu, ndiye atakayekufukua.

YANAYOTUHUSU SISI

Hapa pana jambo ambalo wengi wenu mnalijua, nasi hatuna budi kuliandika.

Katika vuli hii kijana mmoja mchumaji aliteleza juu ya mkarafuu, tawi likamkatikia, akaanguka. Si mwanachama wetu, wala baba yake si mwanachama. Ni kibarua aliyekuwa akichuma kwa pishi katika shamba la mmoja wetu. Wenzake walimlaza juu ya kitanda wakambeba kuelekea barabarani kwenye gari. Mnaijua njia ile. Pale kwenye kijito, ukingo umeliwa na maji tangu masika ya mwaka juzi, na siku hiyo kijito kilikuwa kimejaa. Walisimama na kitanda begani, mvua ikiwapiga, mpaka maji yalipopungua. Wanaokadiria husema yapata saa mbili. Kijana yu hai, Alhamdulillahi, lakini mguu wake haujarudi kuwa kama zamani, na mama yake alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: "Wanangu, karafuu zenu zinapita njia hiyo hiyo kila mwaka. Nyinyi hamkuiona?"

Tuliiona. Tulipita hapo na gunia za karafuu, na tulipita hapo mwaka jana na gunia za mchele.

Sisi wenye mashamba hupenda kusema karafuu ni zetu. Kweli ni zetu, lakini kabla hazijafika kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa zimepita mikono mingi: aliyepanda juu ya mti, wanawake na watoto waliochambua makonyo usiku kucha, aliyeanika na kukimbia na majamvi wingu lilipotanda. Wengi katika hao hawamo katika daftari la Chama. Kama mwisho wa mwaka twasema tunarudisha fadhila, basi hao ndio wenye kudai.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwanza, mwaka huu tusigawe mchele. Mwenye kutaka kumsaidia jirani yake mwenye dhiki na afanye hivyo kwa siri, kama dini inavyotufunza, wala hahitaji Chama wala picha. Na mambo ya zaka ni ya wajibu, yana masheikh wake wa kuulizwa; hayo hatuyachanganyi na haya.

Pili, tuitengeneze njia ile kabla ya mwaka mpya: kujaza mawe ukingoni, kuchimba mitaro ya kando, na kuweka kivuko cha magogo chenye kushikiza mkono, kipane watu wanne wapite na kitanda. Tumekwisha zungumza na sheha, naye amekubali. Tuliuliza pia wachumaji wenyewe na wazee wa upande ule, na wote walitaja njia hiyo kabla sisi hatujaitaja.

Tatu, mchango uwe wa hiari, nasi twapendekeza kipimo kidogo: thamani ya kilo moja katika kila kilo mia alizouza mtu vuli hii. Mwenye mikarafuu michache hatatoa kitu cha kumuumiza, na mwenye shamba kubwa hatakuwa na pa kujificha.

Nne, fedha haimwondolei mtu jembe. Halmashauri itakuwa ya kwanza kufika.

Wapo waliotuambia: "Njia ni kazi ya Serikali." Ni kweli, na barua ya kuomba daraja la saruji tumekwisha ipeleka kwa wakubwa. Lakini daraja lina bajeti na zamu yake, na mchumaji atakaye kuanguka hatangoja bajeti. Tena mwenye kuomba akiwa na jembe mkononi husikilizwa upesi kuliko aliyekaa barazani.

Wapo pia waliosema: "Wapare wana ndiva, asiyefanya kazi hukosa maji. Sisi asiyekuja tutamnyima nini?" Hili ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba hatutamnyima kitu. Hatuna mlango wa kumfungia mtu. Tutaandika tu majina ya waliofika na kuyabandika katika ofisi ya Chama, na mengine tumwachie kila mtu na nafsi yake. Wazee wetu nao walikuwa na kikoa na kazi za kusaidiana shambani bila ya kulipana. Hatuanzi jambo geni, twalirudia letu.

Basi ndugu zetu, siku tuliyoichagua ni Jumanne ya mwisho ya mwezi huu, saa moja asubuhi, tukutane kwenye kijito. Kila mtu aje na jembe, koleo au karai, na rafiki mmoja asiyekuwa mwanachama. Kina mama wa Chama wametuahidi muhogo na chai. Adhuhuri tutasimama kwa sala, na jioni kabla ya kutawanyika hesabu zitasomwa mbele ya wote.

Yule mama tumemwalika, naye amesema atakuja.

Wenu katika ushirika,
Katibu, kwa niaba ya Halmashauri