Picha bila maneno: Jinsi ya kuchagua sauti ya DVD ya nyumbani

Nyanya yetu alipotimiza miaka 90, ukoo mzima ulikusanyika. Alizungumza kwa karibu saa mbili: asili yetu, methali zake, wosia kwa wajukuu. Kijana mmoja alinasa yote kwa kamera, kisha fundi wa mtaani akatuchomea DVD. Hapa nyumbani ilicheza vizuri. Nakala iliyopelekwa kwa binamu yangu aliyeko Marekani ndiyo iliyozua simu ya usiku. Mashine yake inakubali picha za mfumo wetu, lakini alilalama: “Kaka, Nyanya namwona ila simsikii. Ni midomo tu inayocheza!”

Kosa halikuwa la kamera. Lilitokana na uamuzi ambao fundi huufanya kwa kubofya mara moja tu: sauti isimbwe kwa muundo gani?

Neno ‘kusimba’ lisikutishe, msomaji. Wanaisimu wamezoea kuzungumzia ‘kubadili msimbo’, yaani msemaji anapotoka lugha moja na kuingia nyingine. Msimbo ni mfumo wa ishara ambao kanuni zake zinajulikana na pande zote mbili. Kusimba sauti basi ni kuigeuza kuwa tarakimu kwa kufuata kanuni fulani. Mashine isiyozijua kanuni hizo ni sawa na msikilizaji asiyeijua lugha ya msemaji.

DVD ya video haikubali kila msimbo. MP3 na AAC, ambazo zimejaa kwenye simu zetu, hazimo katika kanuni zake. Kwa mtu wa kawaida, miundo ya kuzingatia ni mitatu: PCM, Dolby Digital (ambayo pia huitwa AC-3) na MPEG, ambayo mafundi huiita MP2. Yote hutumia sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, wala si 44,100 kama CD ya muziki.

PCM haibani chochote. Kila sampuli huandikwa ilivyo. Ubora wake hauna shaka, ila inakula nafasi. Sauti ya njia mbili yenye biti 16 huchukua kilobiti 1,536 kwa sekunde, takriban megabaiti 691 kwa saa. Dolby Digital ya kilobiti 192 huchukua megabaiti 86 hivi kwa saa hiyo hiyo. Hiyo ni sehemu moja ya nane.

Je, tofauti hiyo ina uzito gani? Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Ukitia video ya saa mbili, picha na sauti kwa pamoja zitagawana takriban megabiti 5.2 kwa sekunde. PCM ikichukua 1.5, picha itabaki na 3.7, na watu wanapocheza ngoma utaona vijisanduku vikitokea kwenye runinga. Ukitumia Dolby Digital, picha itabaki na 5.0. Kwa video isiyozidi saa moja, hata hivyo, PCM inatosha bila kuidhulumu picha: megabiti 8 za picha na 1.5 za sauti hazivuki kikomo cha 10.08 ambacho DVD imewekewa.

MP2 nayo inabana sauti, na hapa kwetu haina neno, kwa sababu mashine za mfumo wa PAL, unaotumika Kenya, zinalazimika kuisoma. Katika mfumo wa NTSC, ambao ni wa Marekani na Japani, si lazima. Baadhi ya mashine huko huisoma, nyingine hunyamaza. Hicho ndicho kilichomziba Nyanya mdomo. PCM na Dolby Digital husomwa na mashine za pande zote mbili.

Je, kubana sauti kunaharibu maneno? Kunaweza, ukizidisha. Konsonanti kama /s/ na /f/ hutofautishwa zaidi na mitetemo ya juu, na mitetemo hiyo ndiyo huumia mapema kiwango cha biti kinaposhushwa mno. Hapo ‘sumbua’ na ‘fumbua’ huanza kufanana masikioni. Kwa mazungumzo ya njia mbili, kilobiti 192 zinatosha. Pakiwa na kwaya au ngoma, weka 256. Aidha, usidanganyike kwamba PCM itaiponya sauti iliyokwisha kubanwa na simu. Kilichopotea wakati wa kunasa hakirudi.

Dolby Digital ina mtego wake. Ndani yake hubeba namba inayoiambia mashine usemi una ukubwa gani. Programu nyingi huiacha kwenye -27, na mashine hupunguza sauti kwa desibeli 4. Watu hulaumu spika bure. Mwambie fundi aiweke -31 na azime ule ubanaji wa tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Hapo mnong’ono na kicheko vitabaki kama vilivyokuwa.

Kuna faida nyingine ambayo familia nyingi haziitumii. DVD moja inaweza kubeba hadi njia nane za sauti, kila moja ikiwa na alama ya lugha yake. Ya Kiswahili ni ‘sw’. Nyanya anaweza kubaki akisema lugha yake katika njia ya kwanza, na mjukuu asiyeielewa akabonyeza rimoti kusikiliza tafsiri katika njia ya pili. Dolby Digital hurahisisha jambo hili, kwani njia mbili za PCM zingemeza zaidi ya megabiti 3.

Sisi tulichoma upya kwa Dolby Digital ya kilobiti 192. Tuliweza kwa sababu yule kijana hakuwa amefuta faili asilia za kamera. Angelizifuta, tungerudi kwa Nyanya kumwomba aseme tena, na mwaka huu hatuko naye. Kabla hujamlipa fundi, muulize sauti ameisimba kwa muundo gani, uijaribu diski kwenye mashine mbili tofauti, kisha uzihifadhi faili asilia mahali pawili.