Risasi Iko Ndani ya Risasi: Rada ya Kuchagua Ile ya Kuwinda Kulungu Majuu

Kiswahili kilishatoa hii siri kitambo. Kile kitu kinachotoka kwa bunduki tunakiita risasi, na ile metali laini ya kijivu iliyo ndani yake pia tunaiita risasi. Neno moja, vitu viwili. Na hapo ndio noma ya wawindaji wa kulungu Marekani imekaa: ukichagua ile ya kwanza vibaya, ile ya pili inaingia kwa nyama, na nyama inaingia kwa watoi.

Hapa Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo usijaribu hii kitu Naivasha. Lakini Wakenya wamejaa Minnesota na Texas. Ikifika Novemba, msimu wa kulungu ukiwa umeshika, msee wa job anakuletea nyama ya kusaga ya bure, ama anakuita muende naye porini. Kama uko na binamu huko, mtumie hii.

Saizi si hoja kubwa

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki ya kuwasha, baruti, na kichwa. Kichwa ndicho kinatoka mbio na kumfikia mnyama. Mbogi ya wawindaji inaweza kubishana usiku mzima kuhusu saizi: .270 ama .308, ama ile ya juzi inaitwa 6.5 Creedmoor. Ukweli ni kwamba zote zinaangusha kulungu. Hata .30-06, ambayo jeshi la Marekani lilianza kutumia 1906, bado inapiga kazi fiti.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Kichwa cha greni 150, ambacho ni cha kawaida sana kwa kulungu, kina uzito wa chini kidogo ya gramu 10. Hiyo inatosha. Swali la maana ni hili: hicho kichwa kikishaingia kwa mwili, kinafanya nini?

Mapafu na moyo wa kulungu viko kwa eneo la kama sentimita 20 hivi, nyuma tu ya bega. Kichwa kizuri kinafika hapo, kinafunguka kama uyoga, na mnyama anaanguka bila kuteseka sana. Kichwa kibaya kinapasuka juu juu, ama kinapita bila kufunguka.

Aina nne za kujua

*Koti zima.* Hii ni ya kijeshi, risasi imefunikwa na shaba mpaka kwa ncha. Haifunguki. Inapita kama msumari, kulungu anatoroka na kidonda na kufia mbali huko. Majimbo mengi hayaikubali kwa kulungu. Hata ukiipata bei ya kutupa, achana nayo.

*Ncha laini.* Koti la shaba, lakini kwa ncha metali ya risasi iko wazi. Haiumizi mfuko na inafunguka vizuri. Shida ni kwamba ikigonga mfupa karibu na kasi ikiwa juu, inatawanyika vipande vipande.

*Iliyoshikanishwa.* Hapa risasi na koti vimeunganishwa visiachane. Iko na ndugu yake, ile ya ukuta katikati, ambayo ilikuja baada ya John Nosler kwenda kuwinda Kanada 1946 na vichwa vyake vikashindwa kuingia kwa mnyama mkubwa anaitwa moose. Aliweka ukuta wa shaba katikati ya kichwa: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inaendelea kusukuma. Zinatawanyika kidogo, lakini bado ndani ni risasi.

*Shaba tupu.* Hakuna risasi ndani kabisa. Inafunguka kama maua ya petali nne hivi, na kawaida inabaki karibu na uzito wake wote.

Vipande ambavyo huvioni

Mwaka 2009 watafiti Marekani walichukua kulungu 30 waliopigwa na vichwa vya kawaida vya risasi, wakawapeleka kwa mabucha kama mwindaji yeyote, halafu pakiti za nyama zikapigwa eksrei. Asilimia 80 ya hao kulungu walikuwa na angalau pakiti moja yenye vipande vya metali. Nguruwe waliolishwa hiyo nyama, risasi ilipanda kwa damu yao. Mwaka mmoja kabla, jimbo la North Dakota lilikuwa limeambia vituo vya kugawa chakula kwa maskini vitupe nyama ya kulungu ya kusaga.

Vingi ya hivyo vipande ni vidogo kuliko chembe ya mchanga. Meno hayavisikii. Na madaktari wanasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu ya mtoto ambacho kinajulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo polepole. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua hii story vizuri: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia risasi mtaani, na 2020 korti ikaamua walipwe fidia ya bilioni 1.3.

Ndege pia wanaumia. Tai wakubwa wa California wanaoitwa kondo walikuwa wamebaki 22 pekee 1982, na mpaka leo kitu kinachowaua sana ni risasi wanayomeza wakila matumbo yaliyoachwa na wawindaji. Ndio maana California ilikataza kabisa kuwinda na risasi ya risasi kuanzia Julai 1, 2019.

Kwa hivyo, ununue gani?

Kama nyama ni ya kukula nyumbani, shaba tupu ndiyo jibu. Lakini iko na masharti. Kwanza, doo: mara nyingi iko juu. Pili, shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hivyo kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu. Shuka hatua moja: kama ulikuwa unatumia greni 165, jaribu 150. Tatu, inahitaji kasi ndio ifunguke, so usipige kutoka mbali sana. Nunua boksi mbili tatu tofauti, nenda uwanja wa kulenga shabaha, uone bunduki yako inapenda gani. Kila bunduki iko na tabia yake.

Na karatasi ziwe sawa. Kila jimbo lina sheria yake ya leseni na silaha. Ukiwa kwa visa ya masomo, sheria ya nchi nzima inakukataza kushika bunduki ama risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda.

Na kama wewe unaletewa tu nyama, uliza swali moja kabla ya kuwasha jiko: ulipiga na nini? Akisema shaba, karibu mezani. Akisema ncha laini, chukua mguu wa nyuma, mbali na kidonda, na uachane na ya kusaga. Wamama wenye mimba na watoi wasiiguse hiyo ya kusaga kabisa, hata kama ni ya bure.