Ekru za gurudumu: kukaza vizuri ni namna gani?



Mimi ni agronome, si mekanisien. Lakini njia ya Kisangani-Opala inafundisha kila mtu somo ambalo hakuandikishwa.

Msimu mmoja tulikuwa tunapeleka mbegu za mpunga Opala. Tukavuka mto, na huko Lubunga mupira ukatoboka. Mekanisien mmoja akaubadilisha, simu iko sikioni. Niliona kwa macho yangu: alikaza ekru moja kabisa, akaenda kwa ile ya jirani, hivyo hivyo mpaka akamaliza mzunguko, gurudumu lingali hewani. Akateremsha kriki, akaomba feza yake. Hakurudilia hata moja. Nilinyamaza. Nilijiambia: nani mimi wa kumfundisha mtu kazi yake?

Baada ya masaa mawili tukasikia ko, ko, ko. Mama mmoja aliyekaa nyuma na mtoto wake akasema: «Shofere, simama, kitu kinapiga huku chini!» Shofere akajibu: «Ni njia tu, mama.» Mbele kidogo, karibu na daraja la miti, gurudumu likalala upande. Ekru mbili zilikuwa zimeanguka, bulo moja imekatika, tatu zilizobaki zinageuka kwa vidole. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini tulikaa pale siku tatu kungoja bulo kutoka Kisangani. Mvua ikapiga, na mbegu zikaanza kuota ndani ya mifuko. Wakulima waliotayarisha mashamba yao walipata nusu tu.

Kwa nini gurudumu linatoka? Wengi tunafikiri bulo ndiyo inabeba mutuka. Kumbe ekru ikikazwa, bulo inavutika kidogo sana, kama ressort, na inabana janti kwenye moyeu. Ule mbano ndio unazuia gurudumu lisicheze. Mbano ukipungua, janti inaanza kusogea, inapiga bulo kila mzunguko, na chuma kinachoka mpaka kinakatika.

Kwa hiyo angalia mambo haya:

1. Futa udongo na kutu mahali janti inagusa moyeu. Ukiacha udongo pale, utasagika njiani na ekru itabaki legevu.

2. Anza ekru zote kwa mkono. Kwa janti ya chuma ya kawaida, upande uliochongoka uangalie janti.

3. Kaza kwa kuvukana: ekru moja, kisha ile inayoielekea upande wa pili. Ukifuata mzunguko, janti inaweza kukaa upande.

4. Kwanza kaza kidogo zote. Teremsha mutuka, mupira uguse chini, halafu maliza kwa nguvu, ukivukana tena.

5. Baada ya kilometa 50 hadi 100, simama, urudilie zote.

Na nguvu kiasi gani? Kila mutuka ina kipimo chake katika kitabu chake. Toyota Corolla nyingi zinaomba 103 newton-mita. Kama hakuna kle ya kupimia, sisi wa kilimo tuko na mizani ya ndoano ya kupimia mifuko. Ifunge kwenye kle, sentimita 50 kutoka katikati ya ekru, vuta ukinyoosha pembe mraba na kle: kilo 21 ni karibu 103. Sasa fikiria yule anayesimama na miguu juu ya kle ile. Kama ana kilo 70, anaweka karibu 343, zaidi ya mara tatu! Bulo inavutika kupita kiasi na haiwezi tena kurudi. Inakatika kesho, na wewe unasema ni uchawi. Tena, usipake grisi kwenye nyuzi bila kitabu kusema hivyo: kwa nguvu ile ile ya mkono, itabana zaidi ya ulivyotaka.

Siku hizi, mupira ukibadilishwa, ninashuka na kusimama pale pale. Ninasema kwa heshima: «Yaya, tuteremshe, turudilie kwa kuvukana.» Wengine wanakunja uso. Wakunje tu. Inachukua dakika tano, na mimi nimekwisha kulala siku tatu kando ya daraja.