Mgonjwa wa kiharusi apewe kazi, si huruma pekee

MGONJWA wa kiharusi anaporudishwa nyumbani kutoka hospitalini, shughuli ya kumponya huwa ndiyo kwanza imeanza. Katika mtaa kama Majengo, Pumwani, ambako vyumba ni vidogo na wengi hutafuta riziki ya siku katika soko la Gikomba lililo jirani, shughuli hiyo humwangukia mke, mume au mtoto ambaye hakupata mafunzo yoyote.

Wengi hufanya lile ambalo mapenzi huwatuma. Humlisha mgonjwa, humvisha, humwosha kisha humketisha pembeni apumzike. Nia yao ni njema, ila mgonjwa anayefanyiwa kila kitu hukosa tiba anayoihitaji mno, nayo ni kuutumia mwili wake.

Ili kuelewa sababu, yafaa tukumbuke kiharusi ni nini. Mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ubongoni, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa katika muda wa dakika chache. Ndipo uso unapopinda upande mmoja, mkono unapolegea na ulimi unapokuwa mzito.

Dalili hizo si upepo mbaya wala husuda ya jirani. Ni dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna mshipa unaovuja. Aidha, mgonjwa asipewe maji wala uji kabla ya wauguzi kuchunguza iwapo anaweza kumeza, maana vyaweza kuingia mapafuni.

Maradhi haya hayabagui. Joe Kadenge, ambaye miguu yake iliwasisimua mashabiki wa soka nchini enzi zake, aliugua kiharusi kabla ya kufariki Julai 7, 2019. Uwanja wa City, ulio Eastlands karibu na Majengo, ulipewa jina lake.

Chembe za ubongo zilizokufa hazifufuki. Hata hivyo, sehemu zilizosalia huweza kujifunza kazi za zile zilizopotea. Ni sawa na barabara iliyofungwa mtaani: wapita njia hutafuta kichochoro, na kadiri wanavyokipita ndivyo kinavyogeuka kuwa njia. Sharti ni kwamba tendo lirudiwe mara nyingi, kila siku.

Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulithibitisha jambo hilo. Uliwahusisha watu 222 waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi mitatu hadi tisa awali. Baadhi yao walivishwa glavu katika mkono mzima kwa wiki mbili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walipochunguzwa mwaka mmoja baadaye, walikuwa wakiutumia mkono huo vizuri kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Njia hiyo huwafaa wale ambao mkono wao umeanza kusogea kidogo, na huhitaji uelekezi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Ni kweli kwamba nafuu ya haraka hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini haina maana kuwa mlango hufungwa baada ya hapo. Wapo wanaoendelea kupata nafuu kwa miaka.

Mazoezi hayahitaji jumba la kifahari. Nyumba za kale za Majengo, mtaa uliochipuka miaka ya 1920, zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi mwembamba ukipita katikati na vyumba vikiwa pande zote mbili. Penye ukumbi wa namna hiyo mgonjwa aliyeruhusiwa kusimama anaweza kujifunza kutembea akiwa na ukuta wa kushika. Muhimu ni ndoo, majiko na viatu viondolewe njiani, na awepo mtu wa kumsindikiza upande ule dhaifu.

Asivutwe kamwe kwa mkono uliopooza, kwani bega huteguka kwa urahisi. Anapovaa kanzu au blauzi, mkono dhaifu uingie kwanza. Anapovua, utoke mwisho. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia kupanda na mguu dhaifu hutangulia kushuka.

Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi tosha. Kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kukunja nguo na kuhesabu sarafu huzoeza vidole. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai asirejeshwe haraka kwenye mafuta ya moto, lakini anaweza kukaa kitini akapokea pesa na kurudisha chenji. Muuza mitumba anaweza kupanga nguo na kutaja bei huku kijana akibeba mizigo. Itamchukua muda mrefu. Aachiwe huo muda.

Kuna wale ambao kiharusi huwaibia usemi. Jamaa hukosea wanapodhani kuwa akili yao imepotea na kuanza kuzungumza juu yao kana kwamba hawapo. Mara nyingi mtu huyo huelewa mengi, ila maneno hayamjii. Aulizwe maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au la, na asikatizwe. Baadhi ya wasioweza kutamka sentensi moja huweza kuimba kaswida au nyimbo za kanisani walizozizoea tangu utotoni.

Jeraha jingine halionekani kwa macho. Takriban thuluthi moja ya waliopatwa na kiharusi hukumbwa na sonona. Aliyekuwa mlishaji hujiona mzigo, na kukaa ndani peke yake humzidishia simanzi. Hapo baraza ya mtaa ina faida isiyouzwa katika duka la dawa. Muislamu asiyeweza kusujudu ameruhusiwa kuswali ameketi, kwa hivyo hana sababu ya kutengwa na jamaa ya Msikiti wa Riyadha. Vivyo hivyo Mkristo na kanisa lake. Huzuni ikizidi, daktari aelezwe, kwa kuwa inatibika.

Maisha yanayorudi huenda yasiwe yale yale ya zamani, lakini yanaweza kuwa na thamani. Mshairi wa Uswidi, Tomas Tranströmer, alipatwa na kiharusi mwaka 1990, akapooza upande wa kulia na kupoteza karibu usemi wake wote. Aliendelea kupiga piano kwa mkono wa kushoto na kutoa vitabu vipya vya mashairi. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Adui mkubwa wa safari hii ni kiharusi cha pili, na kichocheo chake kikuu ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, mikoba yao imekuwa na kipimo cha shinikizo hilo, na huzuru watu majumbani.

Wengi huacha dawa mara wanapojihisi nafuu, ilhali shinikizo huwa halina maumivu. Dawa zimezwe kila siku, chumvi ipunguzwe, sigara iachwe na tarehe za kliniki ziheshimiwe. Miezi mingi ya jasho ukumbini yaweza kupotea kwa sababu ya vidonge vilivyoachwa kabatini.