Kwa Nini Betri za Nalasi Hazishuki Songea kwa Ndege

Korosho zikishauzwa na malipo ya mnada yakishaingia, maduka ya simu katika vijiji vya kusini mwa Tunduru hayalali. Nalasi ni mojawapo. Mkulima anataka simu ya tachi, taa ya sola ya nyumbani na pawabenki ya kumvusha siku kadhaa shambani, na fundi simu naye anaagiza betri za kubadilisha kwenye simu zilizochoka. Karibu vyote hivyo vina betri ya lithiamu, na sehemu kubwa vinatoka China. Wanunuzi wengi hawajui kwamba betri ile ya fundi, ikiwa peke yake nje ya simu, hairuhusiwi kushuka Songea kama mzigo wa ndege. Simu nzima yenye betri ndani inaruhusiwa, ila betri yake ya akiba hairuhusiwi.

Hii si roho mbaya ya mtu wa kaunta. Ndege za ratiba zinazotua Songea ni za abiria, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu-ayoni zinazosafiri peke yake kupakiwa kama mzigo katika ndege yenye abiria. Zile za lithiamu metali, zisizochajiwa upya, zilikuwa zimeshapigwa marufuku tangu 1 Januari 2015. Kuna kibali maalumu kwa mahitaji machache, kwa mfano betri ya kifaa cha tiba, lakini kibali hicho hutolewa na mamlaka za nchi na si na wakala wa mizigo. Nje ya hapo iliyobaki ni ndege ya mizigo mitupu. Shirika letu la Air Tanzania lilipokea ya kwanza Juni 2023, Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54. Ndege ya aina hiyo inaweza kuleta betri hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Tunduru, betri itapanda basi.

Kwa nini ndege ya mizigo iruhusiwe na ya abiria ikatazwe? Jibu la haraka ni idadi ya watu: marubani wawili si abiria mia mbili. Ni jibu la ukweli na lisilopendeza, na marubani wa ndege za mizigo wamelipinga kwa miaka mingi. Wana haki, kwa sababu wenzao ndio waliokufa.

Jioni ya tarehe 3 Septemba 2010, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imetokea Hong Kong, na katika shehena yake zilikuwamo betri za lithiamu zaidi ya 81,000, nyingine peke yake, nyingine pamoja na vifaa. Dakika kama 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ikalia. Mwongoza ndege wa Bahrain aliwaambia marubani kwamba Doha ilikuwa karibu zaidi, lakini wakaamua kurudi Dubai. Muda mfupi baadaye moshi ulijaa chumba chao hata vipimo vilivyokuwa mbele ya macho yao havikuonekana. Moto ulikuwa pia umeanza kuharibu mifumo ya kuiongoza ndege. Oksijeni ya rubani mkuu ikakatika. Akatoka kitini kutafuta nyingine na hakurudi tena. Msaidizi wake alibaki peke yake, haoni nje wala ndani, hawezi hata kubadili masafa ya redio, akipokea maelekezo kwa kupokezanishwa na marubani wa ndege nyingine zilizokuwa angani. Aliupita uwanja wa Dubai akiwa juu mno na kwa kasi kubwa, na ndege ikaanguka karibu na hapo. Tangu kengele ilie hadi kuanguka hazikufika dakika 30. Wote wawili walikufa.

Dubai hiyo ndiyo wanakonunulia bidhaa wafanyabiashara wetu wa Kariakoo. Taarifa ya uchunguzi ya mamlaka ya anga ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyotoka mwaka 2013, ina jambo moja ambalo kila anayeagiza mzigo angepaswa kulijua: katika nyaraka za shehena hapakuwa na tamko lolote la bidhaa hatarishi. Wachunguzi walipofuatilia walikuta angalau mizigo mitatu yenye betri zilizostahili kutangazwa hivyo. Marubani wale walikuwa wamekalia moto ambao karatasi zao hazikuutaja.

Kabla mwaka haujapita tangu ajali hiyo ya Dubai, tarehe 28 Julai 2011, 747 nyingine ya mizigo, ya Asiana ya Korea Kusini, ilishika moto ikielekea Shanghai na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Jeju. Marubani wake wawili nao walikufa. Ilikuwa imebeba betri za lithiamu pamoja na vimiminika vinavyowaka, na chanzo cha moto hakikuthibitishwa.

Tuingie ndani ya betri. Ina pande mbili. Upande mmoja ni kinywe, madini meusi ambayo kusini mwa Tanzania yapo Ruangwa na Mahenge, na ng'ambo ya mto Ruvuma yanachimbwa Balama, Msumbiji. Upande wa pili ni oksidi ya metali yenye lithiamu. Katikati umewekwa utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimelowa kimiminika chenye asili ya kuwaka kiitwacho elektroliti. Unapochaji, lithiamu huvuka utando na kujipanga ndani ya kinywe. Unapotumia simu, hurudi. Utando ukitoboka, iwe kwa kubanwa, kwa joto, kwa chaji iliyozidi au kwa punje ya metali iliyoingia kiwandani, pande mbili hugusana na shoti hutokea ndani kwa ndani. Joto hupanda. Plastiki ya utando huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto kama 130 za Selsiasi, shoti inaongezeka, kisha oksidi yenyewe inaanza kuachia oksijeni. Hapo betri haihitaji tena hewa ya nje ili iendelee kujichoma. Joto lake hupita nyuzi 500.

Aliyewahi kukaanga korosho na maganda yake anaujua mwenendo huu. Ganda moja likipasuka hutema mafuta yanayowaka, mafuta yanaliwasha la jirani, na punde kikaango kizima ni moto. Betri moja ya simu ikiharibika mezani kwa fundi ni balaa dogo. Betri elfu moja katika boksi moja, zimegusana ubavu kwa ubavu, ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo tatizo la ndege ya mizigo.

Ndege nazo zilibuniwa kupambana na moto wa karatasi, nguo na mbao. Ndege ya abiria huwa na gesi ya haloni kwenye buti lake, na gesi hiyo huzima miali vizuri. Majaribio ya Mamlaka ya Anga ya Marekani katika kituo chake cha New Jersey yalionyesha kwamba haloni huzima miali lakini haipozi betri. Joto linaendelea kuhama kutoka betri hadi betri, na gesi zinazotoka, zikiwamo haidrojeni na kaboni monoksidi, hujikusanya na zinaweza kulipuka. Kwenye sitaha kuu ya ndege kama ile ya UPS hata haloni haipo. Mbinu ni kuondoa mgandamizo wa hewa ili moto ukose oksijeni. Kwa boksi la nguo inafaa. Kwa kitu chenye oksijeni yake ndani, haitoshi.

Ukilielewa hilo, masharti mengine hujieleza. Betri inayosafiri peke yake kwenye ndege ya mizigo haipaswi kuwa na chaji zaidi ya asilimia 30. Sharti hilo lilianza siku moja na marufuku ya 2016, na ndilo ninaloliona la busara kuliko yote, kwa kuwa halihitaji kifaa kipya wala fedha nyingi. Betri yenye chaji ndogo ina nishati ndogo ya kujichoma, na ikiharibika moja uwezekano wa kuiambukiza ya jirani unapungua sana. Kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu betri ya lithiamu iliyokaa sifuri muda mrefu huharibika, kama anavyojua kila fundi aliyeletewa simu iliyolala kabatini msimu mzima. Tangu 1 Januari 2026 sharti la asilimia 30 limepanuliwa hadi kwa betri zinazofungwa boksi moja na kifaa chake, isipokuwa zile ndogo sana.

Kabla ya hayo, aina ya betri lazima iwe imefaulu majaribio ya Umoja wa Mataifa yajulikanayo kwa namba 38.3. Yako manane. La kwanza huiweka kwenye hewa nyepesi kama ya kimo cha mita 15,000. La pili huihamisha kati ya joto la nyuzi 72 na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mengine huitikisa, huigonga, huipiga shoti na kuizidishia chaji. Tangu mwaka 2020 mtengenezaji na muuzaji wanatakiwa kuwa na muhtasari wa matokeo wa kumpa anayeuomba. Betri bandia za bei ya chee hazina karatasi hiyo, au zina ya kughushi. Ufungaji nao una lake: kila betri itengwe ili vichwa vyake visiguse metali, na boksi livumilie kudondoshwa kutoka mita 1.2 bila betri kuumia. Juu yake kuna stika ya daraja la 9 yenye mistari myeusi na picha ya betri zinazowaka, na nyingine ya rangi ya machungwa isemayo kwamba mzigo huu ni wa ndege ya mizigo peke yake. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyorudishwa na mtengenezaji kwa hofu ya usalama haipandi ndege yoyote, hata ya mizigo.

Ukubwa hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 18.5. Pawabenki ya 20,000 ni 74, na abiria anaruhusiwa kupanda nayo, ila mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia butini. Ya 30,000 ni 111, imevuka mpaka wa 100, inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ikizidi 160 abiria haruhusiwi kabisa. Betri ya sola ya volti 12.8 na ampea-saa 100, ya kuendesha friji ndogo ya dukani, ni wati-saa 1,280. Hiyo ni shehena ya ndege ya mizigo au ya meli, na kwa maoni yangu meli inatosha.

Sheria ya mkononi inawashangaza wengi. Kama ni hatari, kwa nini iwe karibu na watu? Kwa sababu watu wanaona moshi na wana maji, na maji hupoza. Tarehe 12 Julai 2013 Dreamliner ya Ethiopian Airlines ilishika moto ikiwa imeegeshwa tupu uwanja wa Heathrow, London. Chanzo kilikuwa betri ya lithiamu metali ya kifaa cha kutuma ishara za ajali, chenye ukubwa wa kushikwa mikononi, ambacho nyaya zake zilibanwa chini ya kifuniko na kupiga shoti. Kifaa kilikuwa kimefichwa juu ya dari ya nyuma, na zimamoto walilazimika kufungua dari ili maji yafike. Paa la ndege lilikuwa limeungua. Angani, hakuna mtu ambaye angekifikia kwa urahisi.

Nchini kwetu mwenye rungu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, inayosimamia kanuni za bidhaa hatarishi chini ya Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago. Ila hakuna mamlaka inayofungua kila boksi. Mfumo mzima umejengwa juu ya neno la mtuma mzigo, na hapo ndipo ulipo dhaifu. Mawakala wa mizigo wa Guangzhou, China, wana bei mbili, ya mzigo wa kawaida na ya mzigo wenye betri, na ya pili iko juu. Kishawishi cha kuandika "vifaa vya simu" au "nguo" kiko wazi. Anayeokoa shilingi chache namna hiyo hapandi ndege hiyo, anapanda rubani.

Mnyororo huo mwisho wake uko Nalasi. Fundi anayeagiza betri ishirini kwa mtu wa Kariakoo ana haki ya kuuliza zimekuja kwa njia gani na kama zina karatasi ya majaribio. Zile zilizovimba anazozitoa kwenye simu asizirundike kwenye mfuko wa plastiki na kuzirudisha Dar butini mwa basi. Afunike vichwa vyake kwa tepu, azitenge kwenye chombo chenye mchanga, mbali na nyumba. Na wewe unayemtumia ndugu kifurushi kwa ndege, ukiulizwa kaunta kama kuna betri ndani, jibu ndiyo, hata kama mzigo utachelewa wiki mbili.