Nyumba ya kwanza ya wapangaji: Je, pango litalipa mkopo?

Ukipita pembezoni mwa Dar es Salaam utaona nyumba nyingi zilizoishia kwenye lenta. Wenyewe wanajenga kwa akiba, kidogo kidogo. Je, mkopo wa benki ungemsaidia anayetaka nyumba yake ya kwanza ya kupangisha? Tupige hesabu kwanza.

Tuchukue mfano wa nyumba ya familia nne, kila moja ikilipa pango la shilingi 250,000 kwa mwezi. Jumla ni milioni 1. Toa kodi ya serikali ya asilimia 10, yaani 100,000. Tenga 200,000 kwa ukarabati na miezi ya kukosa mpangaji. Zinabaki 700,000.

Tuseme ujenzi unagharimu milioni 100, na benki inakukopesha zote kwa riba ya asilimia 15, kwa miaka 15. Marejesho ni karibu milioni 1.4 kila mwezi. Pango linalipa nusu tu. Nusu nyingine inatoka kwenye mshahara au biashara yako. Kwa 700,000 zile, mkopo unaobebeka ni milioni 50. Zilizobaki ziwe akiba yako. Huna? Anza na nyumba mbili, uongeze baadaye.

Angalia pia muda. Milioni 50 hizo zikilipwa kwa miaka 5, marejesho yanafika karibu milioni 1.2. Ndiyo maana mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wenye kununua au kujenga nyumba kwa miaka mingi. Ulizia mkopo wa nyumba, usikimbilie mkopo wa kawaida wa mshahara.

Benki itataka hati ya kiwanja. Na kama unaweka rehani nyumba mnayoishi, sheria inataka mwenzi wako aridhie. Mshirikishe mapema, kwa sababu mkishindwa kulipa, nyumba hiyo ndiyo itakayopigwa mnada.

Mwisho, kumbuka wapangaji wengi hulipa miezi 3 au 6 kwa mkupuo, lakini benki inadai kila mwezi. Fedha hizo zikiingia zinaonekana nyingi, na ada za shule haziko mbali. Zifungulie akaunti ya peke yake. Tayari zina mwenyewe.