Leza Inayozindua Chujio la Jicho

Anayeambiwa ana glakoma, ile inayoitwa mtaani presha ya macho, hukabidhiwa kichupa cha dawa ya matone na agizo la kuitumia kila siku, maisha yote. Mkazi wa Mpanda, mkoani Katavi, ambaye kichupa kikiisha huenda asipate kingine kwa urahisi, ana haki ya kuuliza: hakuna tiba nyingine?

Ipo, na imepimwa hapahapa Tanzania. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura: wengine matone ya timololi, wengine leza iitwayo SLT. Baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Matokeo yalitoka mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health.

Ili kuelewa glakoma, litazame Ziwa Rukwa. Maji ya Mto Katuma huishia humo, na hakuna mto unaotoka. Mvua ikizidi, ziwa hutambaa mbugani. Jicho nalo hutengeneza maji, mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, ila lenyewe lina pa kuyatolea: kitambaa chenye vitundu pembeni mwa konea, tukiite chujio. Chujio likikaza, jicho halina mbuga ya kutambalia. Ukuta wake ni mgumu, shinikizo hupanda na kuua neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Sasa utamu wenyewe. Pigo la leza hudumu nanosekunda 3 tu. Chembe za rangi nyeusi ndani ya seli za chujio hufyonza mwanga, lakini pigo limekwisha kabla joto halijasambaa kwa seli jirani. Seli jirani haziungui! Seli zilizoguswa hutoa ishara, seli za kinga huja kufagia uchafu, na maji hupita tena. Nguvu yake ikififia, hurudiwa.

Ipo na njia nyingine: Marekani iliidhinisha mwaka 2012 kijibomba cha titani cha milimita 1, iStent, kinachopachikwa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa glakoma ndogo na ya wastani. Ni ufundi mzuri, lakini kila jicho hudai chake. Mashine moja ya leza huhudumia maelfu, na hiyo ndiyo inayoifaa Katavi.

Neva iliyokufa hairudi, na glakoma ya chujio lililokaza haiumi. Mwenye miaka 40 au zaidi, hasa aliye na mzazi au ndugu aliyeugua, akapimwe sasa.